Chai ya Kusuuzia Vikombe

Mwishoni mwa miaka ya tisini Waswahili tulikuwa wachache Guangzhou, kwa hiyo rafiki yangu alipokuja kutoka Kariakoo nilimpeleka mkahawani, tule vijisambusa vya kamba vya mvuke kwa chai ya asubuhi. Mhudumu akaweka bakuli mezani. Nikamimina humo chai ya kwanza ili tusuuze vikombe, kama wafanyavyo wenyeji. Kugeuka hivi, mwenzangu keshalinyanyua, anakunywa.

“We! Ya kusuuzia hiyo!” nikamkemea.

Tukacheka mpaka watu wakatugeukia. “Na wewe nani alikufundisha?” akauliza, anajifuta mdomo.

Kicheko kikanikauka. Nilijifunza kwa kuchungulia meza za watu. Kabla ya hapo niliinywa miezi na miezi, kila asubuhi, na mezani hapakuwa na wa kunicheka.