Nguo za Mama Kwenye Kamba

Ploti yetu ya Homa Bay ina mita moja ya maji, na bili yenyewe hakuna mpangaji aliyewahi kuiona kwa macho. Mwenye ploti, mama mmoja anayeishi Migori, huja nayo kichwani. Huigawa kwa watu, si kwa vyumba, na mgeni akipitisha siku tatu naye huhesabiwa. Kujua nani analala wapi hahitaji kuuliza. Huja Jumapili mchana, siku ya kufua, maana nusu ya ploti ni Wasabato na Jumamosi hawagusi beseni, kisha hutembea polepole kando ya kamba akizichunguza nguo zetu. Akiona shati la kiume kwa mwanamke anayeishi peke yake, anadadisi. Akiona nepi mpya, anapongeza kwanza, ndipo anaongeza bili.

Nilikuwa nikiyacheka mambo hayo mpaka mama yangu alipokuja kutoka Kisegi kutibiwa. Daktari alimkuta na mawe kwenye figo, akamsisitizia jambo moja: anywe maji, anywe tena, asingoje kiu. Kila asubuhi nilimwekea jagi kando ya kitanda, nikaenda zangu sokoni kwenye cherehani. Jioni nilikuta jagi limejaa. Alisema ameyanywa yote, akalijaza tena mwenyewe. Nikamwamini, kwani mama hajawahi kunidanganya hata kwa jambo dogo.

Lakini maumivu hayakupungua. Alijikunja kitandani ameshika kiuno, midomo imemkauka, nami nikawa namlaani daktari na dawa zake. Hasira zangu huwa hazichagui mtu.

Jumapili moja niliinama kuvuta beseni uvunguni, nikagusa kitu kibichi. Petikoti ya mama, gauni lake na leso, vyote vimetandazwa juu ya gunia, vinanuka uvundo. Alikuwa amevifua kwa maji niliyosuuzia vyombo.

"Mama, kwa nini?"

Alinijibu kwa Dholuo, sauti ya chini, kwamba amewasikia wanawake wa hapo nje wakisema wageni ndio wanaopandisha bili. Hakutaka niongezewe kwa ajili yake. Na maji ya kwenye jagi? Aligeukia ukuta. Hakuwa akinywa ila ya kumezea dawa. Ziwa linaonekana kutoka mlangoni petu. Mwanamke aliyelelewa ufuoni, aliyechota maji maisha yake yote bila kumwomba mtu ruhusa, alikuwa anakauka chumbani mwangu kwa kuogopa mita.

Nilishikwa na uchungu, kisha hasira, na hasira ikashinda. Nikabeba zile nguo hadi nje. Mwenye ploti ndiyo kwanza alikuwa ameingia, mkoba kwapani. Nikaitundika petikoti katikati ya kamba ya mbele, karibu imguse pua.

"Na hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama yangu. Ako hapa tangu mwezi uanze, na ni mgonjwa. Mhesabu!"

Nilitaka aone haya. Nilitaka hata mmoja wa wale wanawake waliokuwa wakiwanung'unikia wageni aseme neno. Wao waliendelea kukamua nguo zao. Mwenye ploti aliishika petikoti kwa vidole viwili, akaiachia.

"Pole kwa mgonjwa, binti yangu. Basi nyinyi ni wawili. Si ungesema tu mapema? Hakuna shida."

Hakuna shida!

Mama alikuwa amejikokota nyuma yangu mpaka mlangoni. Akaketi kizingitini, nikamletea maji. Alikunywa kikombe kizima bila kupumua, matone yakimdondokea kifuani, na mwenye ploti akimtazama. Nilinyoosha mkono nipokee kikombe nikamwongezee, lakini hakunipa mimi. Alimwinulia mwenye ploti, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Naweza kunywa ingine, ama ni hii moja tu?"