Bolti Nne za Fundi Mfaransa

Pale gereji walimwita Mfaransa, na Ufaransa kwenyewe hakuwahi kufika. Lugha yao alijua maneno mawili tu, aliyoyasoma ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na yote mawili aliyatamka vibaya. Jina alilipata kwa ubishi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa magari ya Kifaransa, na miaka yote hiyo alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara, ya kuyatetea.

Kazi hiyo haikuwa ndogo, maana kila aliyepita pale uani alikuwa na maoni yake. Mwalimu mkuu mstaafu aliapa kwamba hakuna kiti kingine duniani kilichowahi kuuonea huruma mgongo wake. Dereva teksi akamjibu kwamba kiti sawa, lakini yeye mvua ikinyesha akiwasha taa ya kulia inawaka ya kushoto, na kishikio cha mlango alibaki nacho mkononi mbele ya abiria. Mama mmoja muuza vitambaa alikuwa na gari lake la Kifaransa kwa miaka kumi na minane. Dirisha moja lilishikiliwa na kipande cha ubao, na ukimwambia anunue gari jingine anakununia wiki nzima.

Lakini mpinzani mwenyewe, bingwa wa wapinzani, alikuwa shemeji yake. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, fundi wa magari ya Kijapani, mwenye kona yake upande wa pili wa ua huohuo. Alikuwa na mtindo wa kuja kugonga dashibodi kwa kidole mbele ya mteja. "Sikia. Debe hili! Hawa watu wanajua kutengeneza manukato, magari wangewaachia wengine." Tena alikula kiapo mbele ya mashahidi kwamba mkono wake hautagusa gari la Kifaransa, hata likiegeshwa mlangoni kwake likamzuia kwenda kazini.

"Umeme, nakubali, umeme una vituko," Mfaransa alimjibu kila siku. "Lakini bodi? Springi? Nimeendesha pikapu yao imejaa saruji kwenye barabara ambayo ya kwako ingeacha ekseli. Shemeji, gari lako linamsamehe fundi mvivu. Hili linataka fundi anayesoma."

Na kusoma alisoma kweli, hilo hata shemeji hakumnyima. Chukua gurudumu tu. Kwenye magari ya shemeji misumari imeota kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, na wewe unafunga nati. Kwenye magari aliyoyashika Mfaransa, bolti yenyewe ndiyo inayoingia ndani ya habu, nazo ziko za aina mbili. Rimu ya chuma ni nyembamba, inataka bolti fupi. Rimu ya alumini ni nene, inataka ndefu. Ukiweka fupi kwenye alumini itashika hesi mbili tatu, yale meno yanayoizunguka, itakaza vizuri tu, utaridhika, utapiga tairi teke na kumwambia mteja safari njema. Kisha barabarani itaanza kujifungua yenyewe.

Kwa hiyo alikuwa na makopo mawili, jekundu la bolti ndefu na la bluu la bolti fupi, na alikuwa na desturi ya kuhesabu. Kila bolti aliyoifunga aliihesabia mizunguko kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Isipofika kumi, si yenyewe. Watu walimtania kwamba anaombea magurudumu. Binti yake, alipokuwa mdogo, alikuwa akichuchumaa kando yake na kuhesabu naye.

Binti huyo sasa alikuwa mkunga, mwenye mtoto wa miaka minne, na kituo chake cha kazi kilikuwa ng'ambo ya mlima. Alipotaka gari, familia nzima iligeuka kuwa bunge. Shemeji alikwenda nyumbani kwao mara tatu kumsihi. "Mpwa wangu, nakuomba. Mlima ule si wa kuchezea. Chukua gari la watu wenye akili timamu." Binti alimsikiliza mjomba wake kwa adabu, kisha akamtazama baba yake, na baba akasema, "Chukua la Kifaransa. Dhamana ni mimi." Akachukua.

Sasa sikia lililotokea Jumamosi ile asubuhi. Binti alikuja na rimu nne za alumini alizonunuliwa na mumewe, zinang'aa kama sufuria mpya, akataka zifungwe kabla hajapanda mlima. Mfaransa alifunga ya nyuma kulia, akahesabu. Ya nyuma kushoto, akahesabu. Ya mbele kulia vilevile. Alipofika ya mbele kushoto, shemeji akaja na kikombe cha chai mkononi.

"Mnalipamba jeneza," shemeji akasema.

Hapo uani palichangamka. Mwalimu mkuu alikuwepo, dereva teksi alikuwepo, kila mtu akatia neno. Mfaransa alijibu huku anafunga, uso kwa shemeji, mkono kwenye bolti. Akasema la springi, akasema la pikapu ya saruji, kisha akalipata lile jibu ambalo mtu hulipata mara moja kwa mwaka. Akamwambia shemeji kwamba magari yake ni kama wali wa hospitali, hauharibiki kwa sababu hakuna anayeutamani. Uani walicheka mpaka chai ikamwagika. Shemeji mwenyewe alicheka. Binti akacheka, akamfunga mtoto mkanda, akapiga honi mbili, akaenda zake. Mfaransa alikuwa na furaha isiyo kifani.

Saa nzima baadaye alikuwa anapanga vifaa vyake. Alizitoa bolti za zamani mfukoni, zile fupi zilizotoka kwenye rimu za chuma, azirudishe kwenye kopo la bluu. Zilikuwa kumi na mbili. Akajipapasa mfuko mwingine. Akainama kutazama chini ya benchi. Kisha akafungua kopo jekundu, lililotakiwa kuwa tupu, na ndani yake akazikuta bolti nne ndefu zimelala kwa utulivu.

Alizitazama. Akakaa kwenye tairi. Alijaribu kukumbuka kama alihesabu ile ya mwisho. Alikumbuka la springi. Alikumbuka la wali wa hospitali, na jinsi watu walivyocheka. Hesabu hakuikumbuka, kwa sababu haikuwepo.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake, kwa ukali, kwamba simu ya dereva inakaa kwenye mkoba na mkoba unakaa kwenye buti. "Hata nikipiga mimi usipokee!" ndivyo alivyomwambia. Mara ya tatu sauti ya mashine ikamwambia kwamba mtu huyo hapatikani, na hapo aliogopa kwa namna ambayo hajawahi kuogopa tangu azaliwe.

"Vipi, umeona jini?" shemeji alimuuliza kutoka konani kwake.

Mfaransa alifungua kiganja. Shemeji hakuhitaji kuelezwa, fundi ni fundi. Rangi ilimbadilika. Alitupa kitambaa alichokuwa anafutia mikono, akachukua funguo za pikapu yake ya Kijapani, akasema, "Panda."

Kwa kilomita thelathini hakuna aliyezungumza. Mfaransa alikuwa tayari kwa matusi, aliyangojea, angeyapokea kama dawa. Lakini shemeji aliendesha tu, meno ameyauma, na shemeji asiye na la kusema juu ya gari la Kifaransa lilikuwa jambo la kutisha kuliko kona zote za mlima. Kila gari jeupe kama la binti yake lililojitokeza mbele lilimfanya ashike dashibodi. Kila alama nyeusi ya breki kwenye lami aliifuata kwa macho mpaka ukingoni, na alipoona ukingo uko mzima alivuta pumzi, kisha ikaja alama nyingine. Kichwani aliliona gurudumu la mbele kushoto, upande wa bonde, likiondoka peke yake kama kitu chenye haraka zake. Aliiona chupa ya maji ya mjukuu wake, ya rangi ya machungwa. Hakutaka kuiona, na aliiona.

Walipofika mahali barabara inapoanza kukunjana, waliona kundi la watu wamesimama ukingoni wanatazama chini.

"Mungu wangu," shemeji akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza.

Mfaransa aliruka kabla pikapu haijasimama. Alisukuma watu mabega. Kule chini kulikuwa na lori la nyanya limelala ubavu, dereva wake amekaa juu ya jiwe, mzima, anawalaani wote. Mfaransa alirudi garini. Aliona aibu kwamba amemshukuru Mungu mbele ya hasara ya mtu, lakini alishukuru.

Gari la binti waliliona mbele kidogo, kabla tu ya mteremko mkali. Limeegeshwa kando, taa za dharura zinawaka na kuzimika, zote nne, hata umeme siku hiyo uliamua kuwa na heshima. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limeinama kama mtu anayesinzia. Binti alikuwa amesimama mbali kidogo, mtoto mgongoni, na karibu naye wanaume wawili waliosimamisha gari lao ili kusaidia.

"Baba!" Binti alimkimbilia. "Usukani ulianza kucheza. Kisha nikasikia kon-kon-kon. Nikasimama. Bolti mbili hazipo, Baba, na mbili zinaning'inia. Simu huku haishiki. Tumesimama hapa nusu saa."

Mfaransa alimshika mabega, akamshika mtoto kichwa.

"Ndiyo magari yenyewe ya Kifaransa haya," mmoja wa wale wanaume akasema. "Mazuri kwa macho tu. Yanatengenezwa ovyo."

Hapo shemeji akasogea mbele. Aliushika mkono wa Mfaransa, ule wenye bolti nne, akavifunga vidole vyake juu yake kwa nguvu, kiasi cha kuumiza. "Kweli kabisa," akasema kwa sauti kubwa, bila kumtazama. "Ndivyo yalivyo. Mpwa wangu, si nilikwambia? Hata fundi awe hodari vipi, gari bovu ni bovu."

Mfaransa alielewa. Kwa miaka ishirini na saba shemeji alimtupia maneno hayo kama mawe, na leo alikuwa anamtupia kama kamba. Alitakiwa kutikisa kichwa tu. Gari lingebeba lawama, nani angeuliza? Na alitaka, msimdhanie mtakatifu, alitaka sana. Alimwogopa binti yake wakati ule kuliko alivyoogopa mlima.

"Basi nitaliuza," binti akasema. Alikuwa analitazama lile gari kama mbwa aliyemuuma. "Sipandi tena."

Mfaransa aliuchomoa mkono wake kutoka kwa shemeji na kuufungua.

"Gari halina kosa," akasema. "Hizi ndizo bolti zake. Nilikuwekea fupi. Ni mimi."

Wale wanaume wawili wakakumbuka kwamba wana safari. Binti alizitazama bolti, kisha akamtazama baba yake usoni.

"Ulihesabu?"

"Sikuhesabu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabishana."

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizichukua zile bolti nne kutoka kiganjani mwa baba yake, moja moja, akazipeleka kwa mjomba wake.

"Mjomba, funga wewe."

Shemeji alimtazama Mfaransa, akazitazama bolti, akapiga goti kwenye vumbi. Alipandisha jeki, akatoa zile fupi mbili, akapitisha kidole ndani ya matundu. Hesi za mwanzo zilikuwa zimekwaruzika, za ndani zilikuwa nzima, kama zilivyotoka kiwandani. Akaingiza ndefu ya kwanza kwa vidole. Kisha akasita. Kila aina ya chuma ina tabia yake, na hii hakuwahi kuishika.

"Inakwenda mpaka wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kumi," Mfaransa akasema. "Ikifika kumi, ndipo ukaze kwa spana."

Shemeji akahesabu kwa sauti. Mtoto mgongoni kwa mama yake akahesabu naye, akiruka saba kila mara. Walizihesabu zote nne, na zote zilifika kumi. Binti hakuridhika, akaomba wazunguke magurudumu mengine matatu pia, bolti moja baada ya nyingine, na mjomba akazunguka.

Walipomaliza, Mfaransa hakwenda kwenye pikapu. Alifungua mlango wa mbele kushoto wa gari la binti yake, akaketi pale juu ya lile gurudumu, akafunga mkanda.

"Baba, kwani hurudi gereji?"

"Nakushusha mlima kwanza."

Binti aliwasha gari, akaingia barabarani taratibu. Shemeji aliwafuata nyuma, karibu, taa amewasha mchana kweupe. Mfaransa aliweka mikono magotini, na kila kona ilipopita alihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Kwenye kona ya nne alisikia sauti nyingine ikihesabu pamoja naye. Binti yake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, na hakuwa amemsamehe bado, lakini alikuwa anahesabu.