Kindege cha Mjomba Rula

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, mjomba wangu aligonga mkate. Alichukua vipande vyake vitatu, akavisimamisha mezani, akavigonga upande huu na upande ule mpaka kingo zilingane, ndipo anakula. Mama alisema kaka yake amekaa miaka ishirini na miwili kwenye mashine ya kukata karatasi ya kiwanda cha vitabu, sasa hata kichwa chake kimekuwa rimu ya karatasi. Wenzake wa kazini walimwita Rula. Jina likamfuata hadi nyumbani.

Alikaa kwetu, chumba cha uani kinachopakana na bafu. Kitanda kimoja, meza moja, kiti kimoja. Angekuja mgeni, mmoja wao angesimama, ila wageni hawakuwa wakija. Jioni tukimsikia anakohoa tunajua yupo. Asipokohoa, Mama ananituma nikachungulie.

Waliachana na mkewe zamani. Binti yao, binamu yangu ambaye tunalingana umri, aliishi na mama yake na baba wa kambo upande wa pili wa mji. Alikuja mara mbili kwa mwaka, anakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Alipokuwa na miaka saba, Rula alimwahidi ndege itakayopanda yenyewe kupita mapaa ya nyumba, halafu irudi kutua miguuni pake. Ikapita miaka minane. Kisha tukaletewa habari kwamba yule baba wa kambo amepata kazi nchi nyingine na wanahama wote. Binti angekuja kuaga Jumamosi ya wiki iliyofuata, mpaka saa kumi tu. Jumapili wanasafiri.

Rula aliingia chumbani, akatoka na chupa kubwa ya soda, akaanza kuiosha.

Hiyo chupa ndiyo ilikuwa roketi. Kichwa chake kilichongoka, cha karatasi ngumu za kalenda zilizobaki kiwandani, na mapezi matatu ya jalada la daftari. Ndani unatia maji, unaziba kwa kizibo chenye valvu, unajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Ukivuta kamba ya kizibo, maji yanatoka chini na chupa inakwenda juu. Mgongoni ilibeba kindege kisicho na injini, cha lile povu gumu jeupe linalokuja na friji mpya. Kilikaa kwenye kulabu: roketi ikipanda kwa nguvu kulabu inakisukuma, ikichoka kule juu kindege kinachomoka, kinaelea chenyewe.

Baba alipita akamwambia, "Shemeji, ukifika mwezini tutafutie chumba, huku kodi zimepanda." Mimi nikacheka. Mama akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimcheke. Zimembakia siku kumi za kuwa baba."

Sikucheka tena.

Kindege alikikatia kiwandani, wakati wa mapumziko, kwa mashine ileile kubwa. Bawa la kushoto na la kulia ukiyapandisha moja juu ya jingine hupati tofauti hata ya unywele. Jirani yetu seremala, ambaye hushinda mlangoni akipiga randa fremu za madirisha, alikishika akakitazama kwa jicho moja. Akamwambia kimenyooka mno. Apinde mkia kidogo tu, kwa kidole, ili kikiwa hewani kizunguke na kurudi. Kikibaki hivyo kitakwenda moja kwa moja mpaka kichoke.

Rula alikichukua mikononi mwake. "Tangu nianze kazi," akasema, "sijatoa kitu kombo."

"Lakini hiki si kitabu, bwana."

Rula alikirusha kwa mkono pale uani, kikaenda sawa kama kinafuata mstari, kikagonga ukuta wa bafu. Akatabasamu. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona. Uani petu ni hatua tisa. Hakuna kitu kinachoweza kupata nafasi ya kuzunguka pale, sawa au kombo.

Jumamosi binamu alifika saa nane. Safari hii hakukaa kitandani. Walikwenda uwanja ulio nyuma ya nyumba, sisi tukafuata kwa mbali. Rula alipiga magoti kwenye maji yaliyomwagika akiweka chupa sawa, binti akaomba apige pampu yeye. Alipiga mpaka pampu ikawa ngumu, baba yake akimhesabia. Kisha akapewa kamba avute.

Chupa iliondoka kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Maji yakamrukia viatuni, naye akacheka, na ndiyo mara ya kwanza mimi kusikia kicheko chake. Ikapita mapaa. Ikachoka. Kindege kikachomoka, cheupe, kikalala juu ya upepo vizuri kabisa. Tukangoja kigeuke. Kilivuka uwanja, kikavuka ukuta wa maghala, kikashuka upande wa pili bila kupinda hata kidogo. Seremala alikuwa mlangoni kwake na randa mkononi. Aliinama akaendelea na kazi.

"Hakirudi, Baba?"

"Kinarudi. Nisubiri hapo hapo."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaanza kutembea. Hakukimbia. Alikata uwanja akifuata kule kilikopita, akaingia kwenye upenyo ulio mwisho wa ukuta.

Binamu alisubiri. Saa kumi gari lililokuja kumchukua likapiga honi, likapiga tena. Akaenda hadi kwenye upenyo, akachungulia, akarudi. Aliniambia nimwambie baba yake kwamba alisubiri. Kisha akaenda na viatu vyake vilivyolowa.

Ujumbe ule ninao bado. Mama alikwenda kumtafuta Rula kiwandani, akaenda hospitali, akaenda polisi. Mwaka wa pili sasa.

Jioni ileile mlinzi wa maghala alituletea kindege, kizima. Alisema kilitua mchangani karibu na geti lake, na yule bwana alikikuta mara moja wala hakutafuta. Alikipangusa mchanga, akamuuliza saa. Mlinzi akamjibu bado robo saa kufika saa kumi. Bwana yule akasimama, akatazama kule alikotoka. Halafu akakiweka kindege juu ya kiti cha mlinzi, akashukuru, akashika barabara kubwa inayotoka mjini, suruali ikiwa imelowa magotini. Mlinzi alidhani anakwenda dukani.