Thelathini na Tisa Kwapani

Mwaka ule kideri kilipita kwetu, juu ya mji wa Karatu, na hakikubakiza kitu. Kuku waliinamisha shingo, wakaharisha kijani, wakaanguka. Wiki moja tu, banda la dada yangu mkubwa likawa kimya. Mahindi yalikuwa yameshakauka shambani. Shemeji alikuwa amekwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani na habari zake zilikuwa zimekoma. Kuku ndio waliokuwa chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Bila kuku, dada alibakiwa na njia moja: kufunga nyumba, kuchukua watoto wake wawili na kwenda kuishi kambi ya vibarua kwenye mashamba ya kahawa Oldeani. Na nyumba iliyofungwa, kwetu, haikai muda bila kupata mwenyewe mwingine.

Mimi nilikuwa nimefikia kwake, kama nilivyokuwa nafikia kwa kila mtu. Niliacha shule darasa la sita. Nilichunga ng'ombe wa watu mpaka Kakesio, nikauza betri Loliondo, nikabeba mizigo kwenye kambi za watalii ukingoni mwa kreta. Sikudumu popote. Nilichodumu nacho ni kuuliza maswali mpaka watu wakanichoka.

Katika kuzunguka huko niliwahi kusaidia kusafisha stoo ya shamba moja la zamani, na humo nikaomba sanduku lililokuwa linaelekea kuwa kuni: mashine ya kutotoleshea vifaranga, ya mbao, yenye taa ya mafuta ubavuni. Kipimajoto chake kilikuwa kimevunjika. Nikaokota kingine, kirefu, kilichotoka kwenye kikaushio cha kahawa. Zebaki yake ilikuwa nzima, lakini bati lenye namba lilikuwa limeliwa na kutu lote. Ndani ya kifuniko cha sanduku palibandikwa karatasi ya Kiingereza. Nilichoweza kusoma ni namba moja, mia na mbili, na herufi F.

Dada alikwenda kwa akina mama wa bonde la pili, ambako kideri hakikufika. Desturi ya huku, ukiishiwa kuku unaazimwa mtetea. Akishatotoa unamrudisha na vifaranga mnagawana. Safari hii hakuna aliyethubutu kuleta mtetea kwenye banda lenye ugonjwa. Wakampa mayai, kwa masharti yaleyale. Akarudi na ndoo iliyojaa, mayai yamefukiwa kwenye pumba, akitembea kana kwamba amebeba mtoto mchanga.

Nilipomwambia mia na mbili, aliiweka ndoo chini.

"Mia si ndiyo maji yanachemka? Sasa wewe unataka kuniatamishia au kunichemshia?"

"Hiyo ni mia ya Wamarekani, dada."

"Kwani moto wao ni mwingine?"

Moto ni uleule, kinachotofautiana ni kuhesabu. Hilo nilijifunza kambini kwa watalii. Asubuhi moja mahema yalikuwa na barafu juu, na Mmarekani mmoja akatazama kidude kwenye begi lake akasema ni nyuzi thelathini. Nikajua amechanganyikiwa, thelathini ni joto la Dar. Dereva wao akanicheka, kisha akanieleza. Pale maji yanapoganda, sisi tunaanza na sifuri, wao wameshafika thelathini na mbili. Tena hatua zao ni fupi: tisa za kwao ni tano za kwetu. Kwa hiyo kwanza unaondoa thelathini na mbili, ili wote msimame kwenye barafu, ndipo unazidisha kwa tano na kugawa kwa tisa.

Nikapiga hesabu kwa mkaa ukutani. Mia na mbili toa thelathini na mbili, sabini. Mara tano, mia tatu na hamsini. Gawa kwa tisa, thelathini na tisa kasoro kidogo.

"Mtu mzima ana thelathini na saba," nikamwambia. "Kuku anamzidi mtu. Ukimshika chini ya bawa si unasikia?"

Hilo la bawa alilijua. Akakubali.

Kilichobaki ni kukiandikia kipimajoto namba. Darasa la tano mwalimu alituchorea ubaoni: barafu sifuri, maji yanayochemka mia. Kipimajoto chenyewe shule haikuwa nacho. Nikanunua barafu mjini, nikaipasua, nikachomeka kile kioo na kufunga uzi mahali zebaki iliposimama. Nikachemsha maji mpaka yakatokota vizuri, nikafunga uzi wa pili. Nikakifunga kioo kwenye ufito na kuigawa nafasi kati ya nyuzi zile mbili sehemu mia, kwa kisu. Kisha tukawasha taa, na zebaki ilipotulia kwenye thelathini na tisa, tukapanga mayai.

Dada alihamishia kitanda chake kando ya sanduku. Alikata utambi, aliyageuza mayai asubuhi na jioni, aliwakataza watoto kukimbia ndani. Siku ya kuyapima kwa tochi tulijifunika blanketi, tukainua yai moja moja. Mishipa ilionekana, myembamba, kama buibui aliyeanza kazi akaiacha.

"Hawa wamechelewa," akasema. Alikuwa amefuga kuku tangu utoto.

"Joto lipo sawa. Tazama mwenyewe, thelathini na tisa."

Alitazama ufito wangu, akalirudisha yai sandukuni. Aliniamini, nami nikaona nimeshinda.

Wiki ya pili inaelekea kwisha, mtoto mdogo akaanza kutetemeka. Nikatoa kipimajoto sandukuni, nikakipoza, nikamwekea kwapani. Thelathini na tisa. Dada akavuta kanga ambebe wakimbilie zahanati. Mimi, kwa udadisi tu, nikajipima. Thelathini na tisa. Nikampima dada mwenyewe. Thelathini na tisa. Mtoto mkubwa akaingia na ndoo ya maji, anacheka na wenzake. Naye thelathini na tisa.

"Labda malaria imetuingia wote," nikasema.

"Malaria gani? Wewe umemaliza bakuli mbili za makande sasa hivi! Na huyu ametoka kuogeshwa maji ya baridi, ndiyo maana anatetemeka. Anayeumwa ni hicho kijiti chako."

Nilikaa chini. Barafu haikuwa na namna ya kunidanganya. Ilikuwa inayeyuka mbele yangu. Yakabaki maji yanayochemka. Ndipo nikakumbuka maharage. Kule ukingoni mwa kreta yalikaa jikoni tangu asubuhi, maji yanarukaruka, na bado yakawa magumu. Wapishi waliweka mawe juu ya kifuniko wakilaani. Dereva yuleyule aliniambia kwamba juu milimani hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, kwa hiyo yanachemka kabla hayajapata moto wake kamili. Nilisikia, nikafurahi kujua, nikaondoka nalo kama nilivyoondoka na mengine. Karatu haiko juu kama ukingo wa kreta, lakini iko juu. Mia yangu haikuwa mia. Ilikuwa kama tisini na tano, nami nilikuwa nimeibana mia nzima ndani yake. Hatua zangu zilikuwa fupi kuliko zinavyotakiwa, na mayai yalikuwa yameatamiwa kwa joto la mtu.

Nikaanza upya: barafu sifuri, na kwapa la mtu mzima mwenye afya thelathini na saba. Thelathini na tisa ya kweli iliangukia kwenye arobaini na moja ya zamani. Nikapandisha utambi na kumweleza dada.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kama wiki."

"Na zilizopita zinarudi?"

Nikainama kutazama zebaki.

Siku ya kutotoa ikafika, ikapita. Jirani mmoja alichungulia dirishani. "Mashine bado inafikiria? Si mtupe hayo mayai tukaange!" Dada alicheka naye mpaka akaondoka, kisha akarudi kutega sikio kwenye mayai. Siku iliyofuata alishindwa kuvumilia, akalivunja moja. Kifaranga alikuwa kamili, ana manyoya na kucha, amekufa. Alimfunika kwa pindo la kanga.

Wa kwanza alidonoa ganda asubuhi iliyofuata. Wakatoka wengine, wanyonge, miguu imetawanyika. Tuliwashika mmoja mmoja mikononi wakauke. Walikuwa wachache. Sehemu kubwa ya ndoo tuliizika nyuma ya nyumba.

Walipoweza kusimama, dada aliwapanga kwenye kikapu ili awapeleke bonde la pili, kifaranga mmoja kwa kila mama.

"Bakiza hata wawili," nikamwambia. "Watakuelewa. Mlisema kugawana."

"Kugawana nini? Nikibakiza mmoja kuna mama atakosa. Huyo ataniazima nini tena?"

Alirudi jioni na kikapu kitupu. Hakukaa. Alianza kukunja godoro, akawaambia watoto watafute viatu vyao.

Asubuhi, mizigo ikiwa imeshafungwa, alisimama mbele yangu na ufunguo mkononi.

"Utakaa? Mpaka nirudi?"

"Nitakaa."

"Unajua kukaa, wewe?"

"Nitakaa, dada."

Hakuniamini. Nilikuwa sijawahi kumpa sababu. Lakini hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia, basi akaniwekea ufunguo kiganjani, akamnyanyua mdogo mgongoni, na wakashika njia ya Oldeani.