Mapipa ya Sumu Yanayochachua Kabichi Yetu

Umepita barabara ya kijiji cha Gorna Bara mara ngapi, msomaji? Ulinusa, ukapandisha kioo cha gari, ukasema ni mbolea. Haikuwa mbolea, na ulijua. Siyka Vakova naye alijua. Tofauti ni kwamba yeye hana gari.

Saa moja asubuhi Siyka, mwenye miaka hamsini na mitatu, anavaa ovaroli nyeupe na barakoa, anashuka shimoni na chepe. Hapa palikuwa shamba la kabichi la ushirika, na hapa ndipo alipovuna tangu usichana wake. Leo anachota udongo wa rangi ya kutu na kuujaza magunia. Ujira ni lev hamsini kwa siku. Ngozi ya viganja inambanduka.

"Nilivuna hapa, sasa nafukua hapa," anasema. "Wala hakuna aliyeniuliza kama nimechoka."

Watu wanasahau haraka, basi wakumbushwe. Ushirika ulipovunjwa, malori ya kiwanda cha viuatilifu yalianza kuja. Sumu ikamwagwa mitaroni. Mapipa yaliyojaa yakafukiwa, matupu yakaachwa juani: ya buluu, imara, yenye mfuniko mpana. Nani katika nchi hii huliona pipa la namna hiyo asifikirie kabichi ya kuchachusha kwa majira ya baridi? Wanawake waliyabingirisha hadi nyumbani, wakakwangua lebo, wakayasugua kwa majivu na maji moto, wakapanga kabichi na chumvi. Mengine yaliuzwa gulioni mjini. Mwenye kiwanda aliyaona yakiondoka. Hakusema neno, yalimpunguzia kazi.

Leo kazi ya kusafisha shamba inafungwa. Lori la mwisho linapeleka sumu kwenye tanuru mchana huu. Siyka anamfuata msimamizi, mhandisi Karaivanov.

"Bwana mhandisi, na yale mapipa ya majumbani?"

"Mkataba wangu ni shamba, mama. Mambo ya majumbani simo."

Tsanko, dereva wa katapila, anangoja mhandisi ageuke. "Dada Siyka, lete la kwako kabla hatujaondoka. Nitalitupia juu. Nani atajua?"

La kwake liko kwenye chumba cha chini ya nyumba, na mwenye funguo ni mama mkwe wake, Bibi Neda. Kikongwe amekwisha kuliosha. Kabichi zimerundikwa ukutani. Kila majira ya baridi mitungi ya kabichi hiyo hupandishwa basi kwenda mji mkuu, Sofia, kwa Ralitsa, binti wa Siyka, ambaye sasa ana mimba yake ya kwanza.

"Mama, pipa hili linaondoka."

"Liende wapi? Kabichi niitie kwenye sketi yako?"

"Lina sumu. Ndugu zake nawatoa shimoni kila siku."

"Marehemu mume wangu kanywa maji ya kabichi ya pipa hili miaka yote, kila akiamka na pombe kichwani."

"Na yuko wapi leo?"

"Makaburini. Ila hakufa njaa."

Siyka anacheka, kisha kicheko kinamkauka. "Ralitsa ana mtoto tumboni, mama."

Bibi Neda anakaa juu ya mfuniko, anafunga mikono kifuani. "Mkamwana, Ralitsa kabichi yake ya kwanza nilimlisha mimi, kwa vidole hivi. Sasa unaniambia nilimlisha nini?"

Siyka anainama. Anamshika kwapani, anamwinua polepole, anamketisha juu ya gunia la viazi. Kisha analibingirisha pipa hadi mlangoni. Kikongwe anatazama vidole vyake.

Tsanko analitupia juu ya turubai la lori. Moja tu, na kijiji kina nyumba zaidi ya mia.

"Jumatatu nachukua toroli, napita mlango kwa mlango," anasema Siyka, akivua mabuti. "Nataka lori lirudi, na kila bibi apewe pipa jipya bila kuaibishwa. Hawa walidhulumiwa, hawakukosa."

Toroli moja haliwezi kukifikia chumba cha chini ya nyumba yako. Shuka mwenyewe, sasa hivi, kabla hujamwaga chumvi. Kama pipa lako ni la buluu, lilinunuliwa gulioni na lina alama ya lebo iliyokwanguliwa, usitie kitu humo, usimpe jirani. Litoe, ulipeleke kwa mkuu wa wilaya, uliache mlangoni pake. Leo.