Agosti Barazani

Mimi ni mtu wa Kisii mjini, na kila nikisema hivyo naulizwa, "Sawa, lakini nyumbani ni wapi?" Watu wetu hawaamini kwamba mtu anaweza kuwa wa mjini. Mjini ni pa kwenda na kurudi, kama sokoni. Kwetu enyomba ni nyumba tu, hata uijenge ghorofa. Omochie ndio nyumbani, na nyumbani ni pale baba yako alipokuonyesha ujenge. Kuonyeshwa huko si kwa maneno. Baba husimama juu ya ardhi, huchomeka kijiti, husema: hapa. Baada ya hapo mtoto wa kiume hana ujanja.

Mimi baba yangu alikuwa hajanionyesha. Si kwamba hakutaka. Nilikuwa namkwepa.

Nilizaliwa humu mjini, wakati baba alipokuwa akifanya kazi hapa na tukiishi katika chumba kimoja cha kupanga. Likizo ikifika tulipelekwa Ikonge, kijijini kwa baba, kuchuma chai. Ndugu zangu walifurahi, mimi nilinuna. Usiku kule kulikuwa kimya mno, na nikilala nilitafuta masikioni mwangu kelele za mji: redio ya jirani, mtu akicheka barabarani, mbwa wa sokoni. Mama alidhani nalilia chakula. Nilikuwa nalilia mji, na sikujua kama mtu anaruhusiwa kulilia mji.

Sasa mimi ni mwalimu, nina mke, nina nyumba ndogo mtelemkoni upande wa Nyanchwa, na likizo ya Agosti ni yangu. Siendi popote. Nakaa barazani natazama mji wangu kama mtu anavyotazama moto wa kuni, bila kutafuta kitu.

Agosti iliyopita shule zilipofungwa tu, baba alikuja kutoka Ikonge kutibiwa mtoto wa jicho. Daktari alimwondolea, akamfunga jicho bandeji, akamkataza kurudi kijijini kwenye moshi wa jikoni hadi mwezi uishe. Jicho la pili lilikuwa na ukungu tangu zamani. Kwa hiyo nikapata mgeni wa mwezi mzima, tena mgeni asiyeingia ndani.

Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu ya kuoneana haya. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala mke wa mwana hasemi naye ana kwa ana. Miaka yote niliyoishi hapa na mke wangu, baba hajui kuta zetu zina rangi gani. Mchana alikaa kwenye kiti barazani. Usiku alivuka ua akalala kwa rafiki yake, mzee mstaafu wa Ogembo aliyekuwa jirani yangu. Wao ni wa rika moja, hawaoneani haya yoyote, na walikuwa wakikoroma kwa zamu.

Asubuhi mke wangu alinikabidhi chai mlangoni, nami nikampelekea.

"Chai hii imechoka," baba alisema siku ya kwanza.

Nikamwambia majani yametoka Ikonge. Akafikiri kidogo, akasema basi yamechoka njiani.

Halafu aliniomba nimwambie kuna nini mbele yetu, maana alikuwa akisikia tu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kumsimulia baba yangu mji. Nilimweleza mapaa ya mabati yanavyojitokeza moja moja ukungu unapopanda. Nilimweleza akina mama wakishuka na mikungu ya ndizi kuelekea soko la Daraja Mbili, shingo zimenyooka, wakipiga gumzo bila kugeuza kichwa. Nilimweleza mchomeleaji wa vyuma pale chini ambaye kazi yake haiishi, ni mageti tu, kana kwamba mji mzima unajifungia. Nilimweleza kilima cha Nyanchwa, na Jumamosi nilinyamaza ili asikilize mwenyewe kwaya zikishindana kutoka makanisa tofauti, maana mji wetu siku ya Sabato hauna kelele nyingine. Nilitia chumvi hapa na pale. Nilitaka aupende.

Kilele cha siku kilikuwa mvua. Kisii mvua ina saa zake za kazi. Baada ya chakula cha mchana mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, wauza mitumba wanaanza kuvuta turubai hata kabla ya tone la kwanza. Kisha unaisikia mbali, juu ya mabati ya wengine, ikitembea paa hadi paa, inakuja. Wakati huo mimi na baba tulisikiliza tu. Kuna alasiri ambazo sijui kama nililala au nilikuwa macho. Mvua ilikuwa ikinyesha Kisii na ikinyesha Ikonge ya utotoni, na mama alikuwa mahali fulani nyuma ya migomba akituita tuingie ndani.

Mama alitutangulia. Tangu hapo baba anajipikia chai na kunywa peke yake, na hajawahi kulalamika hata mara moja. Jambo hilo liliniuma kuliko kama angelalamika.

Katikati ya mwezi yule mzee wa Ogembo alitangaza kwamba anahama. Wanawe wamemaliza kumjengea kwao, na Agosti ikiisha atarudi moja kwa moja. Baba alimpa pongezi, kisha akanigeukia.

"Umeona? Mzee akichoka, mji unamtema," alisema. "Jicho likifunguka twende Ikonge nikakuonyeshe."

Nilijua akishachomeka kile kijiti siwezi kukataa, maana ni kumtukana. Na nikikubali, hii nyumba yangu, hili baraza, huu mji wote ninaoupenda, vingegeuka kuwa mahali nilipopanga kwa muda nikisubiri kwenda nyumbani. Halafu rafiki yake akiondoka, angelala wapi? Asingekuja tena. Ningepata kiwanja Ikonge na kumpoteza mtu wa kunywa naye chai. Nilikaa na hofu hiyo, na kila alipotaja Ikonge nilianza habari za mchomeleaji.

Bandeji ilitolewa. Baba alikaa kwenye kiti chake akautazama mji muda mrefu, akipepesa. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa mtu aliyetia chumvi.

"Yule mchomeleaji uliyesema ni kijana ana mvi," alisema hatimaye. "Na kilima uliniambia ni cha kijani. Ni buluu."

Nilitazama. Miaka yote hiyo, na ni kweli, asubuhi kilima ni buluu.

Alasiri hiyo mvua ilikuja na upepo, ikaingia barazani. Nilimsihi aingie ndani, hata mlangoni tu. Alisimama, akabandika mgongo ukutani kando ya mlango uliokuwa wazi, viatu vikilowa. Mke wangu alisogeza kiti hadi kwenye kizingiti, kwa ndani, akaenda zake jikoni asionekane. Baba hakukitazama. Alisema nyumba ya mtoto si mahali pa baba kukimbilia mvua. Nilikasirika. Nilikasirikia mila, nikamkasirikia yeye, na nilipoona nimesimama ndani mkavu huku yeye akilowa, nilitoka nikalowa naye.

Siku ya mwisho, jirani alipakia vitu vyake kwenye pikapu akaenda zake Ogembo. Baba alimpungia mkono mpaka gari likapotea, kisha akaweka mkoba wake barazani. Nikajua safari ya Ikonge imefika, mimi na yeye na kijiti. Badala yake aliniomba panga.

Nilimletea. Alizunguka nyumba kwa nje hadi nyuma, mimi nikimfuata. Huko tuna kipande cha ardhi ambacho yeye hukiita leso, kwa udogo wake, na mke wangu amekijaza chinsaga, ile mboga chungu ambayo Mgusii akiikosa mezani anajiona mgeni. Baba alikata kijiti kwenye ua, akakichonga ncha taratibu. Alisimama hapa, akasogea pale, akatazama mawingu. Halafu akaingia katikati ya chinsaga na kukichomeka.

"Hapa," alisema.

Nilimwambia, "Tata, mimi hapa nina nyumba tayari."

"Si yako. Ni yangu. Chumba kimoja, na mlango wake mwenyewe. Mlango uangalie kule mvua inakotokea."

Nilisimama nikikitazama kile kijiti. Baba ndiye humwonyesha mwana mahali pa kujenga. Sijawahi kusikia baba aliyejionyesha mwenyewe, tena mjini, tena katikati ya mboga. Nikamuuliza, "Na Ikonge?"

"Ikonge nitapelekwa," alisema. "Mama yako ananingoja kule, na hajawahi kuwa mtu wa haraka. Lakini kuketi, nitaketi hapa."

Mke wangu alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni. Alikiona kijiti, akaona chinsaga yake iliyokanyagwa. Alikuja polepole, akapita mbali kidogo na baba kama heshima inavyotaka, akainama akaanza kung'oa mboga pembeni ya kijiti na kuziweka kwenye leso aliyojifunga. Alipofika katikati aliniuliza mimi, bila kumtazama baba aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, "Dirisha anataka upande gani?"

"Mwambie upande wa kilima," baba aliniambia.

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia.