Shangazi Zuleica na Habari ya Awasse

Shangazi yangu Zuleica, Mungu amrehemu, alifundisha chuo cha Kurani hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, miaka thelathini. Habari yoyote aliipima kama Hadithi za Mtume: nani kaipokea kwa nani.

Asubuhi ya uchaguzi jirani yetu Nasma alikuja mbio na simu.

"Mwalimu, tumehamishiwa kupigia kura Awasse, mbali kote kule. Natafuta gari."

"Kakwambia nani?"

"Tarique, yule kijana wa karibu na shule. Kaisikia kwenye ujumbe wa sauti wa grupo, na keshapanda gari."

"Na mwenye sauti hiyo ana jina?"

Nasma akacheka. "Hii WhatsApp, Mwalimu, si chuo chako."

"Ndiyo maana nauliza."

Tukaenda naye shuleni, tunapopigia kura siku zote, tukasoma orodha mlangoni. Majina yetu yote yalikuwapo, na la Tarique pia, tukapiga kura.

Nasma akampigia Tarique: "Shuka garini. Kura yako iko hapa shuleni, nyuma ya kwenu."